Sura ya Sita: Kutoka kwa Mganga Mkuu hadi Ukumbi wa Mihadhara

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania, Na. 9 ya mwaka 2010, inaueleza ulemavu kuwa ni kupotea au kupungua kwa fursa za mtu kushiriki katika maisha ya kawaida ya jamii kwa usawa na wenzake, kutokana na sababu za kimwili, kiakili au kijamii, na inamtambua mtu mwenye ulemavu kuwa ni yule ambaye uwezo wake wa kutenda hupungua anapokutana na vikwazo vya mitazamo, vya mazingira na vya kitaasisi. Kwa tafsiri hiyo, jengo la ghorofa tatu lisilo na lifti na mhadhiri anayejaza ubao bila kutamka anachokiandika wamo ndani ya ulemavu wa mwanafunzi, sawasawa na mguu uliopooza au jicho lisiloona. Lakini mwanafunzi huyohuyo anapokwenda kuomba mkopo, kifaa au huduma, karatasi ya kwanza anayokabidhiwa humrudisha kwa mganga, naye mganga huulizwa juu ya mwili peke yake: ni kiungo gani kilichoathirika, na kwa kiwango gani. Ubao na ngazi havina nafasi katika fomu hiyo. Mengi yanayokwama katika maombi ya wanafunzi wenye ulemavu huanzia katika tofauti hii kati ya sheria na fomu, na mwombaji anayeielewa mapema huweza kuandika kwa namna itakayomfaa.

Tofauti hiyo haimsumbui sana mwanafunzi akiwa shule ya msingi au sekondari, kwa kuwa huko mfumo humjua kabla hajasema lolote. Baraza la Mitihani la Tanzania huandaa karatasi za nukta nundu, yaani maandishi ya vinundu vinavyosomwa kwa ncha za vidole, kwa ajili ya watahiniwa wasioona, na karatasi za maandishi makubwa kwa wenye uoni hafifu. Katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Mtoto haandiki barua ili apewe dakika hizo. Mwalimu mkuu hupeleka taarifa, na siku ya mtihani mtoto hukuta mambo yamepangwa. Chuo kikuu hugeuza utaratibu huo juu chini. Huko mwanafunzi ni mtu mzima, taarifa zake za afya ni siri yake, na idara inayomfundisha haiwezi kujua kuwa ana uoni hafifu mpaka yeye mwenyewe aseme, kwa maandishi, katika ofisi inayohusika, tena mara nyingi kwa kila mwaka mpya wa masomo. Wengi hugundua mabadiliko haya wakati wa majaribio ya kwanza ya semista, alama zikiwa zimekwisha kupotea.

Istilahi mbili zinahitaji kufafanuliwa hapa, kwa kuwa ndizo zinazoamua nani anapaswa kufanya nini. Ya kwanza ni ufikivu, yaani hali ya jengo, tovuti, kitabu au huduma kuandaliwa tangu mwanzo ili itumiwe na watu wote bila mtu yeyote kulazimika kuomba. Ya pili ni marekebisho stahiki, ambayo Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unayaeleza kuwa ni mabadiliko ya lazima na yanayofaa, yanayofanywa kwa ajili ya mtu mahususi pale anapoyahitaji, bila kuitwisha taasisi mzigo unaopita kiasi. Ibara ya 24 ya mkataba huo inayataja marekebisho haya katika elimu ya juu kwa jina, na ibara ya 2 inahesabu kitendo cha kumnyima mtu marekebisho hayo kuwa ni ubaguzi. Kenya iliuridhia mkataba huo mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, na kwa hiyo mwanafunzi anayeomba mtihani wake uchapwe kwa maandishi makubwa haombi fadhila. Ufikivu ni deni la taasisi hata kama hakuna aliyelidai, ilhali marekebisho stahiki huanza na ombi, na ombi lisipokuwapo taasisi ina mahali pa kujificha.

Kwa mwanafunzi wa Tanzania, mlango wa kwanza kwa kawaida huwa ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Maombi hufanywa kwa mtandao, cheti cha kuzaliwa huhakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, na mwombaji mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu, huambatisha fomu iliyothibitishwa na Mganga Mkuu wa Mkoa au wa Wilaya. Hitaji la mwisho ndilo linalokula muda. Mganga mkuu ni mtawala wa huduma za afya za eneo zima, si daktari wa zamu, na mwombaji wa kijijini huweza kusafiri hadi makao makuu ya wilaya akaambiwa mwenye saini na muhuri yuko ziarani. Miezi iliyopo kati ya mtihani wa kidato cha sita, unaofanyika Mei, na kufunguliwa kwa vyuo mwishoni mwa mwaka huonekana mingi, lakini humalizwa upesi na udahili, uhakiki wa vyeti na mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, kiasi kwamba fomu ya mganga hubaki kuwa jambo la wiki ya mwisho. Busara ni kuitafuta mapema, na kuitolea nakala kadhaa, kwa sababu karatasi hiyo itatakiwa tena chuoni.

Ni muhimu kuelewa kile ambacho fomu hiyo hufanya na kile isichofanya. Katika mgawanyo wa mikopo, ulemavu huhesabiwa kuwa kigezo cha uhitaji, sambamba na uyatima au umaskini wa kaya, na hivyo huongeza uwezekano wa kupata mkopo na huweza kuongeza kiasi chake. Fedha zenyewe hugawanywa katika mafungu yaleyale ya wanafunzi wote: chakula na malazi, ambalo wanafunzi huliita bumu, vitabu na viandikwa, ada, mafunzo kwa vitendo, utafiti, na mahitaji maalumu ya vitivo. Fungu hili la mwisho limewapotosha waombaji wengi, kwa kuwa maneno "mahitaji maalumu" yamezoeleka kuhusishwa na ulemavu, ilhali hapa yanahusu vifaa vinavyodaiwa na fani yenyewe, kama vile vya mwanafunzi wa uhandisi au wa sayansi za tiba. Mwanafunzi asiyeona anayesoma sheria hawezi kulitegemea fungu hilo kwa ajili ya mashine ya nukta nundu.

Hata kama angeweza, swali la haki lingebaki palepale. Mkopo hulipwa. Kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mhitimu aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi mpaka deni liishe. Mhitimu anayelipia kwa mkopo mashine iliyomwezesha kusoma kitabu kilekile ambacho mwenzake alikisoma kwa macho atakuwa amekatwa mshahara kwa sababu ya ulemavu wake, na hakuna tafsiri ya marekebisho stahiki inayoweza kuubeba utaratibu wa namna hiyo. Ndiyo maana ombi la kifaa halifai kuishia Bodi ya Mikopo, na wanaoshauri kwamba bumu litunzwe ili linunue kifaa huwa wanamshauri mwanafunzi auze chakula chake. Kuna ushauri mwingine wa kimakosa unaosikika katika halmashauri, kwamba mwanafunzi aombe katika ile asilimia 2 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa watu wenye ulemavu. Fedha hizo ni mikopo kwa ajili ya shughuli za uzalishaji mali, na maombi ya kompyuta ya masomo hayana mahali pa kukaa humo.

Mlango wa pili, ambao kwa maoni ya sura hii ndio mkuu, ni chuo chenyewe. Vyuo vikuu vikubwa vina kitengo au dawati la wanafunzi wenye mahitaji maalumu; pasipo na kitengo, kazi hiyo huangukia kwa Mshauri wa Wanafunzi. Kinachotakiwa huko ni barua, na barua nyingi huandikwa vibaya kwa sababu mwandishi amefundishwa na fomu ya mganga kuueleza mwili wake. Barua husema kwamba mwombaji ana ualbino na uoni hafifu tangu kuzaliwa, inaambatisha cheti, kisha inaomba kompyuta mpakato. Afisa anayeisoma hana njia ya kujua kwa nini kompyuta, kwa nini si miwani, wala mambo yataharibikaje asipoitoa. Barua huwekwa kwenye jalada pamoja na nyingine zinazofanana nayo, na jibu likija huwa la huruma au la bajeti.

Barua yenye nguvu hueleza kazi za masomo moja baada ya nyingine na kuonyesha ni wapi kila moja inapokwama. Mwombaji huyohuyo angeweza kuandika kwamba ukumbini hasomi ubao hata akiketi mstari wa mbele, kwa hiyo anahitaji slaidi za mhadhara siku moja kabla, katika faili linalofunguka kwenye simu au kompyuta. Kwamba husoma maandishi ya ukubwa wa pointi 24, kwa hiyo mtihani uchapwe kwa ukubwa huo katika karatasi ya kawaida, maana kurasa kubwa za kurudufiwa hufunika meza nzima. Kwamba macho huchoka baada ya dakika 40 hivi, kwa hiyo anaomba muda wa nyongeza wenye mapumziko. Kwamba darubini ndogo ya mkononi ingemwezesha kusoma namba za vyumba na ramani za ukutani. Na kwamba mafunzo kwa vitendo ya kozi yake hufanyika mashambani saa za jua kali, kwa hiyo anahitaji ratiba ya asubuhi na mafuta ya kukinga ngozi. Hospitali ya KCMC ya Moshi hutengeneza mafuta ya namna hiyo, yanayojulikana kwa jina la Kilisun, kwa ajili ya watu wenye ualbino. Katika maombi hayo matano, mawili ya kwanza hayagharimu chochote zaidi ya dakika chache za mhadhiri na karatasi kadhaa. La tatu linahitaji msimamizi wa mtihani abaki kidogo. Na kompyuta, iliyokuwa kiini cha barua ya awali, imejitokeza kama chombo cha kufungulia slaidi. Uchambuzi wa namna hii huitwa tathmini ya mahitaji. Kwa kawaida unapaswa kufanywa na mtaalamu akiwa pamoja na mwanafunzi. Mahali pasipo na mtaalamu, mwanafunzi anayejua masomo yake anaweza kuuanza mwenyewe.

Tathmini hiyo ndiyo inayookoa fedha na watu dhidi ya kifaa kisichofaa, na mfano ulio wazi kuliko yote ni kiti mwendo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 kuhusu viti mwendo katika maeneo yenye rasilimali chache unaitazama huduma hiyo kama hatua nane, kuanzia rufaa na tathmini, kupitia uchaguzi, upatikanaji wa fedha, maandalizi na upimaji wa kiti kwenye mwili, hadi mafunzo ya mtumiaji na matengenezo. Kiti cha hospitali, kile chenye kitambaa kinacholegea katikati, kimeundwa kumsogeza mgonjwa kutoka wodi moja hadi nyingine, na mtu asiyehisi nyonga zake akikikalia siku nzima ya mihadhara hupata vidonda vya mgandamizo vinavyoweza kumlaza kitandani semista nzima. Mazingira ya chuo nayo yana neno lake. Kampasi ya Mlimani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam imekaa juu ya vilima, na breki na uzito wa kiti ndivyo vitakavyokuwa hoja ya kwanza huko. Chuo Kikuu cha Dodoma kimetawanya ndaki zake katika eneo kubwa mno, na huko baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono, ingawa haiingii darasani, huweza kumfaa mwanafunzi kwa masafa marefu kuliko kiti chepesi. Mwombaji anayeandika "kiti mwendo kimoja" bila kutaja vilima, umbali na upana wa milango ya bweni anamwachia mtoaji aamue, na mtoaji huamua kwa bei.

Kwa wasioona, uwanja umebadilika zaidi kuliko maofisi yanavyojua. Kwa miongo mingi kifaa cha msingi kilikuwa mashine ya Perkins, mashine ya chuma yenye vitufe sita vya nukta, iliyoanza kutengenezwa kwa wingi nchini Marekani mwaka 1951 na ambayo bado ni imara kuliko takriban kila kilichofuata. Leo mwanafunzi huhitaji pia programu ya kusoma skrini, yaani programu inayogeuza maandishi ya kompyuta kuwa sauti au kuyapeleka kwenye kifaa cha nukta nundu. JAWS, iliyo maarufu zaidi maofisini, huuzwa kwa leseni ya bei kubwa. NVDA, iliyoanzishwa nchini Australia mwaka 2006 na kuendelezwa na watayarishaji wawili wa programu wasioona, hutolewa bure, huweza kuendeshwa kutoka kwenye flashi bila kusimikwa katika kompyuta ya maktaba, na sauti inayokuja nayo inajua Kiswahili, japo huzungumza kama roboti. Ombi linalodai leseni ya JAWS bila kueleza kwa nini NVDA haitoshi hukaribisha kukataliwa, na ombi linaloeleza kwamba mfumo fulani wa takwimu au hifadhidata unafanya kazi vizuri na moja tu kati ya hizo mbili lina hoja ya kusikilizwa.

Programu hizo zote, hata hivyo, kimsingi husoma herufi, si picha. Nakala ya kitabu iliyopigwa skana na kuhifadhiwa kama picha ya ukurasa huwa kimya kabisa mbele ya msomaji asiyeona, mpaka ipitishwe katika programu ya kutambua herufi na kusahihishwa na mtu. Hapa ndipo kompyuta iliyotolewa kwa shangwe hugeuka pambo: chombo kipo, ila vitabu havipo katika umbo linalosomeka. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2020, uliwekwa kuondoa kisingizio cha hakimiliki katika jambo hili, kwa kuziruhusu taasisi zinazowahudumia wasioona na wengine wasioweza kusoma maandishi ya kawaida kutengeneza nakala zinazofikika na kubadilishana nakala hizo kuvuka mipaka. Kwa hiyo barua nzuri ya mwanafunzi asiyeona huwa na nakala kwa mkutubi, ikiwa na orodha ya vitabu vya lazima vya semista, na huandikwa kabla ya semista kuanza, kwa sababu kusahihisha kitabu cha kurasa 300 ni kazi ya wiki kadhaa.

Tofauti kati ya kifaa na huduma inastahili kutazamwa kwa jicho kali zaidi. Kifaa hununuliwa mara moja, huandikwa katika daftari la mali na hukabidhiwa mbele ya kamera. Huduma, kama ile ya mkalimani wa lugha ya alama au ya msaidizi anayemsomea na kumwandikia mwanafunzi, hulipwa kila wiki na haiachi kitu cha kupigia picha. Ni rahisi kuona kwa nini wafadhili na hata vyuo hupendelea cha kwanza, na kwa nini kiziwi anayeomba mkalimani huweza kupewa shimesikio ambalo hakuliomba. Shimesikio, kifaa kidogo cha sikioni kinachokuza sauti, humfaa mwenye usikivu hafifu kwa kiasi fulani, lakini katika ukumbi wa watu mia kadhaa hukuza feni, viti na minong'ono pamoja na mhadhiri. Anayelitumia hunufaika zaidi mhadhiri anapovaa kipaza sauti kinachorusha sauti yake moja kwa moja kwenye kifaa hicho. Kiziwi ambaye lugha yake ya kwanza ni Lugha ya Alama ya Tanzania hana haja na lolote kati ya hayo. Anahitaji wakalimani wawili wanaopokezana, kwa sababu mtu mmoja hawezi kutafsiri saa mbili mfululizo bila ubora kushuka, nao wapewe mada mapema ili wakubaliane naye alama za istilahi ambazo pengine hazijawahi kuwa na alama. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, ni mahali pa kuanzia kuwatafuta, na ombi linalotaja idadi ya vipindi kwa wiki na idadi ya wiki za semista humpa mhasibu kitu cha kukipigia hesabu.

Nchini Kenya njia ina umbo jingine. Ibara ya 54 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vinavyotokana na ulemavu wake, na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, lililoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2003, ndilo linalosajili watu, kutoa kadi na kusimamia mfuko unaosaidia ada za masomo na vifaa saidizi, pamoja na mpango wa mafuta ya kukinga jua kwa wenye ualbino. Tathmini ya kitabibu katika hospitali ya serikali hutangulia, kisha usajili, kisha kadi, na kadi hiyo hufungua milango mingine mingi. Faida ya utaratibu huu ni kwamba mtu hathibitishi upya ulemavu wake katika kila ofisi. Hasara yake ni kwamba asiye na kadi hahesabiki. Uganda imechagua njia ya udahili, kwa kutenga kila mwaka nafasi 64 za ufadhili wa serikali katika vyuo vikuu vya umma kwa ajili ya wanafunzi wenye ulemavu. Aliyeshika nafasi ya 65, bila shaka, ana ulemavu uleule.

Mfano wa Uingereza hutajwa mara nyingi katika mijadala hii, na unastahili kutajwa kwa usahihi. Mwanafunzi wa England anaweza kuomba Posho ya Wanafunzi Wenye Ulemavu, ambayo hairejeshwi na haitegemei kipato cha wazazi, na ambayo kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2024/25 kilikuwa pauni 26,948. Mganga huko huthibitisha tu kwamba hali ipo, ina athari kubwa na imedumu au itadumu kwa miezi 12 au zaidi, kisha hutoka katika hadithi; kinachofuata ni mazungumzo kati ya mwanafunzi na mtathmini, yanayozaa ripoti inayotaja vifaa, programu, saa za msaidizi na hata mafunzo ya kuvitumia. Utaratibu huo una kasoro zake, ikiwamo sharti lililoanza mwaka 2015 la mwanafunzi kuchangia pauni 200 za mwanzo anaponunuliwa kompyuta, na malalamiko ya ucheleweshaji ni ya kudumu. Wanafunzi kutoka Afrika Mashariki wanaojiandaa kwenda huko wajue pia kwamba mwanafunzi wa kigeni kwa kawaida hastahili posho hiyo. Anachokuwa nacho ni Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, inayokibana chuo chenyewe kufanya marekebisho, na kwa hiyo maswali yake ayaelekeze kwa ofisi ya ulemavu ya chuo kabla hajakubali nafasi, akitaka jibu la maandishi kuhusu nani atalipia nini.

Lipo kundi ambalo taratibu zote hizi hulipita kwa mbali: wenye kifafa, wenye matatizo ya afya ya akili, wenye ugumu mahususi wa kusoma na kuandika usiohusiana na akili wala macho. Hawa hukaa na swali ambalo mwenye kiti mwendo halijui, nalo ni kama waseme au wanyamaze, wakihofia kwamba neno kifafa likishaingia katika jalada litafika mpaka kwa mwajiri. Taarifa inayohitajika ili marekebisho yafanyike ni ndogo kuliko wanavyodhani: mhadhiri anatakiwa kujua kwamba mwanafunzi fulani ana muda wa nyongeza, wala hana haja ya kujua sababu. Kitengo kinachopeleka cheti kizima cha daktari katika kila idara huwa kinavunja siri bila kumsaidia yeyote, na mwombaji anaweza kuandika katika barua yake ni nani aruhusiwe kukiona cheti hicho.

Likishakubaliwa ombi, hubaki jambo ambalo watu huliuliza wakati wa mahafali tu: kifaa ni cha nani? Baadhi ya taasisi huazimisha na kudai kirudishwe, nyingine hutoa moja kwa moja. Nchini England kifaa kilichonunuliwa kwa posho hubaki kwa mwanafunzi. Wafadhili wa hapa nyumbani wana kila mmoja desturi yake, kwa hiyo hati ya makabidhiano itaje mmiliki, mwenye jukumu la matengenezo, na anayelipia betri za shimesikio au mipira ya kiti. Wanaoletewa vifaa kutoka nje wana sheria nyingine ya kuisoma. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, katika Jedwali la Tano, inasamehe ushuru wa vifaa vilivyoundwa mahsusi kwa matumizi ya watu wenye ulemavu, na vilevile vile vinavyokusudiwa kuwaendeleza kielimu kupitia taasisi iliyoidhinishwa na serikali. Mashine ya nukta nundu au fimbo nyeupe huingia katika kifungu cha kwanza bila ubishi. Kompyuta ya kawaida, hata ikiwa na programu ya kusoma skrini ambayo bila hiyo mmiliki wake hawezi kufungua barua pepe ya mhadhiri, haikuundwa mahsusi kwa yeyote, na ikitumwa kwa jina la mwanafunzi ni vigumu kuiweka ndani ya kifungu hicho. Kifungu cha pili nacho kinadai kuwapo kwa taasisi. Kwa sababu hiyo chama cha wasioona au chuo chenyewe kiwe kimekubali kuwa mpokeaji tangu kabla mtumaji hajafunga sanduku.